Mashujaa wa Nanga Wanahitaji Baraza

Katika vijiji vya Wahaya vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, shughuli za harusi huanza kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Rubisi, pombe ya ndizi, huandaliwa siku iliyotangulia: ndizi mbivu hukandwa pamoja na nyasi kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha yakaachwa kuchacha. Alfajiri akina mama humenya ndizi za kupika. Na yupo msemaji, mtu wa kuipanga siku nzima kwa ulimi wake.

Kazi ya msemaji huanzia kwenye mapokezi. Mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, zikiwa katika kikapu kidogo. Desturi hii ina mizizi mirefu. Zamani watu wawili walipofunga undugu wa damu, yaani omukago, waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akila iliyopakwa damu ya mwenzake. Baada ya kahawa ni rubisi, na mwenyeji huionja kwanza mbele ya wageni. Msemaji huita koo kwa zamu, akihakikisha mzee hakatizwi na upande wa bibi harusi haupitwi.

Baraza likishatulia hivyo, ndipo nanga inapopata nafasi yake. Ni ala ya ubao uliochongwa ukawa na tumbo, na uzi mmoja hupitishwa huku na huku juu yake hadi zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji huimba habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, na za Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Wasikilizaji nao wana sehemu yao. Hata katika ngano za jioni, msimulizi husema kwamba amekuja na ameona, nao humjibu aone ili wao pia waone. Mtafiti Peter Seitel alilifanya jibu hilo kuwa jina la kitabu chake cha ngano za Wahaya, mwaka 1980.

Mwaka 1970 mtafiti wa fasihi simulizi Ruth Finnegan aliandika kwamba tendi, yaani mashairi marefu ya kisimulizi kama haya ya nanga, ni nadra mno Afrika kusini mwa Sahara. M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, alizitafiti tendi za nanga, na tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilionyesha kwamba Wahaya wanazo. Lakini shujaa huhitaji pia baraza la kumjadili. Mwaka huohuo wa 1970, huko San Diego, Marekani, wapenzi wa hadithi za katuni walianza kukutana kuwajadili mashujaa wao, wakiwa na waongozaji wa kugawa zamu za kusema. Wahaya wanaijua kazi hiyo tangu enzi za Abakama, watawala wa Ihangiro, Kiziba na Kyamutwara.

Tawala hizo ziliondolewa baada ya Uhuru, na nanga ikapoteza walezi wake wakubwa. Kurekodi nyimbo ni jambo jema, lakini kaseti haina wa kuijibu. Kamati za harusi ziipe nanga saa yake kabla ya muziki wa spika. Shule za Muleba na Bukoba ziwaalike wapigaji, watoto wawaulize maswali, na wenye kipaji cha kuchora wamchore Rukiza kama walivyomsikia. Shujaa huishi pale anapojadiliwa na watu waliokaa pamoja.