Kaa na Chaza wa Mida: Utamu Unaotaka Hekima

Ukitaka kumjua mwenyeji, kula naye. Mimi ni muuguzi niliyezaliwa bara, lakini kazi ilinileta Pwani ya Kenya. Hapa nimejifunza kupenda kaa na chaza. Nimejifunza pia, kwa uchungu, kwamba kitoweo kitamu kinataka hekima.

Hazina ya mikoko

Karibu na Watamu iko hori ya Mida, ambako bahari huingia katikati ya msitu wa mikoko. Wavuvi husubiri bamvua, maji yakupwe sana, ndipo waingie matopeni. Mvuvi hutafuta shimo la kaa, hupenyeza ufito wenye ncha iliyopinda, humvuta taratibu, kisha humfunga magando upesi, maana kaa huyu akikubana kidole utalia. Ujuzi huu baba humrithisha mwana. Chaza nao hushika mizizi ya mikoko na miamba, na akina mama huwabandua wakati wa maji kupwa.

Kaa jike huenda baharini kutaga, na watoto wake hurudi mikokoni kukua. Mikoko ikikatwa, sufuria zetu hubaki tupu. Wanakijiji wa Dabaso walilielewa jambo hili. Walipanda mikoko, wakanenepesha kaa vizimbani, wakajenga mkahawa wa mbao kando ya hori na kuwauzia wageni sambusa za kaa.

Siku niliyojuta

Siku moja niliwapikia wageni kaa wa nazi. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 9, alionja akasema, "Mama mdogo, mdomo unaniwasha." Nikamwambia aache kudeka, amalize chakula. Mimi, muuguzi! Punde midomo ikavimba na kifua kikaanza kupiga miluzi. Tulimkimbiza zahanati, akadungwa sindano, akapona kwa neema ya Mungu. Dada yangu hakunilaumu, lakini nilimwomba mtoto yule msamaha. Tangu siku hiyo hali kaa, kamba wala chaza. Mama, mtoto akisema chakula kinamwasha, msikilize.

Ukiwa jikoni

1. Nunua kaa aliye hai. Aliyekufa kabla ya kupikwa huharibika haraka, mwache.

2. Chaza hula kwa kuchuja maji, hivyo hubeba vijidudu vilivyomo. Usile waliotolewa karibu na maji taka.

3. Chemsha chaza mpaka wafunguke, kisha waendelee kuchemka dakika 3 hadi 5. Wasiofunguka watupe. Mama mjamzito na mgonjwa wa ini wasithubutu kula chaza wabichi.

4. Kwa kaa wa nazi, kaanga kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya. Tia bizari na vipande vya kaa aliyekwisha kuchemshwa na kusafishwa, kisha tui zito. Koroga polepole tui lisikatike, halafu kamulia ndimu. Kula na wali.

Chaza wana madini ya zinki na chuma kwa wingi, na kaa ana protini nzuri. Hata hivyo, wako majirani wasiowala kwa sababu ya imani yao. Usiwalazimishe. Waandalie changu wa kupaka, na wote mfurahi meza moja.

Ukipata nafasi, wapeleke watoto Mida wakaone mvuvi akifanya kazi. Wakirudi nyumbani watakula kwa shukrani, wakijua nani alikanyaga tope kwa ajili yao.