Hesabu Usingizi Kabla ya Kuhesabu Kilomita

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba, leo ukurasa huu unasema nanyi juu ya safari za mwisho wa juma. Jumamosi matanga, Jumapili harusi, halafu kuvuka mto kwenda kusalimu wakwe. Hatuji kuwakataza. Mtu asiyetembelea ukoo wake, siku yake ikifika nani atamtembelea? Lakini Jumatatu asubuhi dispansere hupokea watu wenye magoti yaliyochubuka na mikono iliyovunjika, na wengi hujibu namna moja: «Sikuona shimo.» Shimo lilikuwapo. Aliyekosekana ni dereva, maana alikuwa amesinzia.

Tufanye hesabu pamoja

Tuseme mfanyakazi mmoja yuko zamu ya usiku. Ijumaa anaamka saa 8 mchana. Saa 4 usiku anaingia kazini, na Jumamosi saa 12 asubuhi anatoka. Nyumbani anakuta habari: kuna matanga Banalia. Anaoga, anakunywa chai, saa 1 anawasha pikipiki, bibi yake nyuma na mtoto katikati. Kutoka Kisangani hadi Banalia ni karibu kilomita 128, njia ya vumbi wakati wa jua na ya matope wakati wa mvua.

Anapowasha pikipiki ile amekwisha kukaa macho masaa 17. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliandika matokeo ya majaribio yao. Mtu aliyekaa macho masaa 17 alifanya kazi ya mikono na macho vibaya sawa na mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Alipofikisha masaa 24, ilikuwa sawa na gramu moja. Basi mfanyakazi wetu hakuonja hata tone, lakini anaendesha kama mlevi, na watu wake wawili wako juu ya pikipiki hiyo hiyo.

Tuendelee. Usiku wa Jumamosi anakesha matangani, anasinzia masaa 3 juu ya kiti. Jumapili anarudi mjini, anampeleka shangazi Mangobo, anavuka mto kwenda Lubunga kwa wakwe, anafika nyumbani usiku na kulala masaa 5. Jumatatu saa 11 alfajiri anaamka kwa zamu ya mchana. Toka Ijumaa saa 8 mchana ni masaa 63, naye amelala masaa 8 tu. Mtu mzima anahitaji kulala si chini ya masaa 7 kila siku. Kwa muda ule alipaswa kupata karibu masaa 18. Deni la masaa 10 analipeleka wapi? Analipeleka mgodini, kwenye mashine, karibu na mguu wa mwenzake.

Usingizi hauombi ruhusa

Wengine husema: «Mimi ni mwanaume, usingizi nitaushinda.» Ndugu, usingizi si adui wa kupigana naye kwa ngumi. Ukizidi, ubongo hujifunga wenyewe kwa sekunde chache, pengine macho yakiwa wazi. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Ukisinzia sekunde 4 umepita mita 44 bila dereva. Katika mita 44 kuna mama mwenye kikapu kichwani, kuna mbuzi, kuna toleka aliyebeba mteja kwenye baiskeli yake.

Zijue dalili: unapiga miayo mfululizo, macho yanawasha, kichwa kinaanguka na kushtuka, hukumbuki kijiji ulichopita sasa hivi, unaingia mashimo ambayo siku nyingine ungeyakwepa. Saa zilizo mbaya zaidi ni toka saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, na tena mchana kati ya saa 8 na saa 10.

Kuimba, kuvuta sigara au kumwagia uso maji hakulipi deni. Dawa ya usingizi ni kulala. Simama mahali pa usalama, kwa mfano Bengamisa, weka pikipiki mbali na barabara, lala dakika 15 hadi 20 kivulini. Ukipata kahawa, inywe kabla ya kulala, maana huhitaji karibu nusu saa kuanza kazi. Lakini hiyo ni ya kukufikisha kwenye kitanda, haishiki nafasi ya usiku mzima. Na ikiwa umekunywa vidonge vya mafua, vya mwasho au vya kutuliza mawazo, tuulize kwanza dispansere: vingi huleta usingizi.

Juu ya pikipiki

1. Kofia ya mgodini si kaske ya pikipiki. Ile ya kazi imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka toka juu. Ukianguka barabarani inaruka, kichwa kinabaki wazi. Vaa kaske ya pikipiki na funga mkanda wake chini ya kidevu.

2. Abiria naye ana kichwa. Asiye na kaske apande basi.

3. Mtoto anayesinzia juu ya pikipiki hulegea na kuanguka. Akianza kusinzia, safari isimame.

4. Mama, kusanya kitenge chako vizuri, kisiingie katika mnyororo au gurudumu. Mguu ukiungua kwenye bomba la moshi, umwagie maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

5. Baada ya jua kuzama usianze njia ndefu. Kuvuka Lubunga kwa mtumbwi usiku, au mtumbwi ukijaa kupita kiasi, kataa, hata kama wakwe wanangoja.

Na heshima ya ukoo?

Hapa ndipo pagumu. Asiyefika matangani husemwa miaka mingi. Lakini kufika jioni badala ya mchana si aibu. Tuma salamu kwa simu: «Natoka kazini usiku, nalala kwanza, nitafika jioni.» Ukitoka zamu saa 12 asubuhi, lala hadi saa 7 mchana, na kama njia haitakufikisha kabla ya giza, ondoka kesho yake alfajiri. Au mwache ndugu aliyelala aendeshe, au panda gari la abiria na ulale ndani yake. Ziara tatu zisibanwe katika siku mbili: matanga juma hili, wakwe juma lijalo. Mwenda pole hajikwai.

Mama, kazi hii twakupa wewe. Mume akitoka zamu ya usiku, uliza swali moja kabla ya kufunga mizigo: «Toka uamke ni masaa mangapi?» Yakifika 17, ufunguo wa pikipiki ukae kwako.

Na wewe kapita, Jumatatu asubuhi watazame watu wako machoni kabla ya kugawa kazi. Anayesema ukweli kwamba hakulala asitukanwe. Mpe kazi ya mbali na mashine siku ile. Ukimtukana leo, kesho atanyamaza, na atakayeumia pengine siye yeye.