Vazi la Mzamiaji na Kamba ya Uhai

Wasomaji wetu wakaao pwani wawajua watu wapigao mbizi: hushuka kwa pumzi moja, nao hupanda kabla haijawaishia. Lakini je, mtu apaswaye kufanya kazi katika kilindi cha pima 40, atavuta pumzi gani? Twapenda kuwaeleza habari za vazi la wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani, na siku lilipojaribiwa sana.

Vazi hilo lilianza kutumika mwaka 1916, likadumu zaidi ya miaka 60. Kofia yake ni ya shaba, ina madirisha madogo ya kioo, nayo hukazwa juu ya bamba la shaba lililalo mabegani na kifuani. Nguo yake ni turubai lililotiwa mpira, maji yasipenye. Mshipi una vipande vya risasi, na viatu vina nyayo za risasi, ili mtu asielee. Vyote pamoja vyapata ratli 190, yaani kilo 86. Hewa husukumwa kutoka merikebuni kwa mpira mrefu, na mzamiaji hufungwa kamba ya uhai. Aliye juu asipoiangalia kamba hiyo, vazi lote halifai kitu.

Tarehe 23 Mei 1939, nyambizi iitwayo Squalus, yaani manowari iendayo chini ya maji, ilikuwa ikijaribiwa karibu na pwani ya New Hampshire. Maji yakaingia kwa njia ya hewa iliyokuwa wazi, ikazama hata chini, futi 240. Watu 26 walikufa. 33 walibaki hai upande wa mbele, katika giza na baridi.

Siku ya pili ikafika merikebu Falcon. Mzamiaji Martin Sibitzky akashuka, akasimama juu ya nyambizi, akafunga kamba ya chuma penye mlango. Kwa kuifuata kamba hiyo, chumba cha chuma mfano wa kengele kilishuka, kikaufunika mlango, na watu wakaingia ndani yake. Safari ya kwanza walipanda 7, ya pili 9, ya tatu 9.

Safari ya nne walikuwamo wale 8 wa mwisho pamoja na wazamiaji 2. Njiani kamba ilikwama, na ile iliyokishika chumba ikaanza kukatika nyuzi zake. Chumba kikarudishwa chini, wazamiaji wakatumwa kufunga kamba mpya. Lakini katika kilindi kama kile, naitrojeni iliyomo katika hewa humlevya mtu kama pombe. Akili zao zikavurugika, wasiweze kuitimiza kazi. Basi wale waliokuwamo chumbani wakakipunguza uzito kidogo kidogo, na watu wa Falcon wakaishika ile kamba mbovu kwa mikono yao, wakaivuta taratibu sana. Usiku wa manane ulipokwisha kupita, wote 33 walikuwa wameokoka.

Jambo lile halikusahauliwa. Katika kazi ya kuiinua Squalus, wazamiaji walivuta oksijeni iliyochanganywa na heliamu, gesi nyepesi isiyolevya kama naitrojeni, ingawa huuondoa upesi joto la mwili. Walishuka zaidi ya mara 600, hata Septemba mwaka ule ule nyambizi ikaletwa bandarini.

Tena iko hatari nyingine, nayo ni haraka. Mzamiaji akaapo chini, gesi huingia katika damu yake. Akipanda ghafula, hutoka mapovu, kama soda katika chupa iliyofunguliwa kwa haraka. Huleta maumivu ya viungo, hata kupooza na kufa. Kwa hiyo yampasa kusimama hatua kwa hatua, akingoja, ijapokuwa aiona nuru ya jua juu yake.

Twalitazama vazi hili, nasi twastaajabia shaba na risasi. Lakini wale 8 wa mwisho hawakuokolewa na shaba. Waliokolewa na watu walioshika kamba, wakajua kwamba kuvuta kwa nguvu ni kuikata, wakavuta polepole. Nani katika nyumba zetu hana mtu aliye mwisho wa kamba yake?