Tangi Dogo Ndilo Ghali: Hesabu kwa Anayeanza Kufuga Samaki wa Mapambo

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo huingia dukani akitafuta tangi la bei ya chini, na mara nyingi hutoka na bakuli la mviringo au kitangi cha lita 12. Siku hiyo huona ameokoa fedha. Gharama zenyewe huja baadaye: maji ya kubadilisha kila mara, umeme, na samaki wanaokufa wakanunuliwa wengine. Ukizijumlisha zote, tangi la lita 50 hivi lenye mimea hai humgharimu mgeni wa kazi hii fedha chache kuliko bakuli.

Kioo

Chukua matangi mawili yasiyo na mfuniko. La kwanza lina urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 20: likijaa ni lita 12, na linahitaji kioo cha mita za mraba 0.26. La pili ni 60 kwa 30 kwa 30: lita 54, kioo cha mita za mraba 0.72. Maji yameongezeka mara nne na nusu, ilhali kioo hakijafika hata mara tatu. Ndiyo maana kumpelekea vipimo fundi wa vioo hulipa zaidi kadiri tangi linavyokuwa kubwa. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki.

Seti ya dukani ina faida yake: taa, mfuniko na chujio vinakuja pamoja. Kabla ya kulipa, uliza bei ya kila kifaa peke yake, uone kama seti kweli inakupunguzia. Popote utakaponunua, kumbuka kwamba tangi la lita 54 lenye maji na mchanga linakaribia kilo 75. Meza ya plastiki haitalibeba.

Maji

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye mchanga na kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huitumia kama chakula. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha. Samaki akifa bila kuonekana kwenye lita 12, sumu yake inakuwa kali mara nne na nusu kuliko kwenye lita 54.

Bakuli lisilo na chujio, ukilibadilisha nusu ya maji kila baada ya siku mbili, litatumia kama lita 90 kwa mwezi. Tangi la lita 54 lililokomaa, likibadilishwa robo kila wiki, litatumia takriban lita 54. Ni chini ya ndoo tatu za lita 20, na maji yanayotoka ni mbolea nzuri ya mchicha. Klorini ya kawaida ya bomba huondoka maji yakikaa saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi.

Umeme

Chagua chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Ni rahisi kulisafisha na halinyonyi vitoto vya samaki wala uduvi. Pampu ya wati 3 ikiwaka usiku na mchana hula uniti 2.2 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 10 kwa saa 8 kwa siku hula 2.4. Kwa hesabu ya shilingi 356 za Tanzania kwa uniti, kodi zikiwamo, hiyo ni kama shilingi 1,600 kwa mwezi.

Kinachobadilisha hesabu ni kipasha maji. Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar hutakihitaji. Arusha au Mbeya, kwenye baridi ya Juni na Julai, utakihitaji. Cha wati 50 kikiwaka nusu ya muda hula uniti 18 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 6,400.

Mimea

Mfumo wa gesi ya kaboni wenye mtungi, vali na taa kali hupendeza, lakini si wa kuanzia. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad alichapisha kitabu kilichoeneza njia rahisi zaidi: udongo wa kawaida chini, changarawe au mchanga juu. Tumia udongo wa bustani usio na samadi wala mbolea, unene wa sentimita 2 au 3, ufunike kwa mchanga wa mto uliooshwa, unene uleule. Gharama yake ni jasho tu.

Kwa mimea, nunua fungu moja moja la valisneria na la seratofilamu. Zote mbili hupatikana pia katika maziwa yetu makuu, hukua haraka na hunyang'anya mwani chakula. Anubiasi, yenye asili ya Afrika ya Magharibi na Kati, ni ghali kwa shina, lakini hukua taratibu, hustahimili mwanga hafifu na huishi miaka. Ifunge kwenye jiwe. Shina lake likizikwa huoza.

Samaki na uduvi

Gapi ndiye chaguo salama, hasa pwani ambako maji ya visima vingi ni magumu. Jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, kwa hiyo madume sita peke yao watakuepusha na tangi la pili. Neoni hupenda maji laini, na samaki wa dhahabu hupita sentimita 20. Waache wote wawili. Samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono wengi wao hawazidi sentimita 5 na wanavutia mno, ila hufukua mchanga na kung'oa mimea. Wanastahili tangi lao.

Uduvi wekundu, Neocaridina, waingie mwisho, tangi likiwa limekomaa, kwa kuwa amonia na shaba huwaua upesi. Kumi wanatosha: huzaliana kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, na mmea uitwao mosi ya Java huwaficha watoto wao wasiliwe na gapi.

Kwa hiyo panga manunuzi hivi: tangi, pampu na mimea mwezi wa kwanza, gapi mwezi wa pili, uduvi mwezi wa tatu. Fedha zikipungua, punguza idadi ya samaki, usipunguze lita.