Suruali Yako na Funza wa Ngozi

Ndugu, pengine unapiga suruali pasi siku ya posho tu, ili uwe nadhifu kanisani siku ya Mungu. Ni vizuri. Lakini pasi ina kazi kubwa kuliko kunyosha nguo: inaua mayai ya inzi.

Yuko inzi wa rangi ya manjano na kahawia, apendaye kivuli. Jike hutaga mayai 100 mpaka 300 juu ya mchanga, au juu ya nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Ni madogo sana. Baada ya siku 1 mpaka 3 wanatoka funza wadogo. Ukivaa nguo ile, wanaingia katika ngozi bila wewe kujua. Baadaye unaona jipu lenye tundu katikati, na ndani kitu kinatembea. Wengine husema, "Nimerogwa," nao huanza kumchukia jirani. Hapana! Jirani hana kosa. Ni funza.

Basi ufanye hivi:

1. Fua suruali kwa sabuni. Ianike juu ya kamba penye jua kali. Usiitandaze juu ya majani wala mchanga.

2. Ikikauka, igeuze, upande wa ndani uwe nje. Piga pasi ya moto kiunoni, mifukoni na juu ya mishono yote. Huko ndiko mayai hujificha, na huko ndiko nguo inagusa mwili.

3. Igeuze tena. Linganisha mishono ya miguu, weka kitambaa chenye maji kidogo juu yake, ukandamize mkunjo. Ikauke kabisa kabla ya kuivaa au kuiweka.

4. Nepi na nguo za mtoto uzipige pasi vilevile, maana ngozi yake ni laini.

Pasi ya makaa usiitumie katika chumba kilichofungwa: hewa yake haina harufu, nayo inaua. Uiwashe nje, na watoto wakae mbali.

Kama jipu limekwisha kutokea, usilikamue kwa nguvu wala kulikata kwa wembe. Paka vaselini nyingi juu ya tundu. Funza akikosa hewa atapanda juu, na muuguzi atamtoa polepole. Ukiona homa, au wekundu unaenea, njoo hospitali upesi.

Mungu ametupa maji, jua na moto. Tuvitumie kwa akili, na tusimshitaki jirani kwa kazi ya inzi.