Mpya ya Mwaka Gani? Kuwinda Spea za Datsun 240Z Ndani ya Nai

Msee akikushow ako na spea ya Datsun 240Z "mpya kabisa, haijawahi guswa", usianze kurukaruka. Muulize swali moja tu: mpya ya mwaka gani? Juu hiyo ndai ilitokea Japan mwisho wa 1969, na kitu imekaa kwa boksi tangu mbuyu wako akidunga belbotomu inaweza kuwa ilidedi kitambo, na hakuna mtu alikuwa hapo kuiona ikidedi.

Wacha tuelewane kwanza. Z ni ndai ya huku, ata kama ilitengenezewa Japan. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walibeba Safari Rally na 240Z. 1973, mwaka ule ubingwa wa dunia wa rali ulianza, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaibeba tena na hiyo hiyo. Mehta alikuwa amefungana pointi na Harry Källström, naye pia alikuwa kwa Datsun, lakini Mehta ndio akapewa. So wazae wengi wa Nai wako na stori ya Z, na wachache bado wako na Z yenyewe, imefunikwa turubai huko nyuma ya keja. Na tangu Safari Classic, ile rali ya ndai za kitambo, ianze 2003, hao wazae wamechanuka. Usiende hapo ukidhani utaokota ndai na bei ya kuku.

Sasa tuseme umepata moja. Spea zinatoka wapi? Kuleta Z ingine nzima ndio uikate vipande, hiyo sahau: sheria inasema gari ikishapita miaka 8 haiingii Kenya. Na kampuni zenyewe zinachagua watoto wao. Wasee wa Porsche 911 wanakaa raha, mama yao bado anawauzia spea za kitambo. Toyota ilianza 2020 kutengeneza upya spea za Supra za zamani, kisha ikaongeza AE86. Nissan, mama ya Datsun, ilianza 2017 na Skyline GT-R R32. Msee wa 240Z alikuwa kwa laini akiangalia tu.

So unabaki kwa wauzaji wa mtaani, na hapo ndio wasee wengi hupigwa. Wanafikiria kuna makundi mawili, orijino na feki, na mpya inashinda mtumba. Lakini kila spea iko na kifo yake. Chuma inauliwa na msuguano na kutu. Raba inauliwa na miaka, ata ukiiweka kwa kabati na kufuli. Ukishajua hiyo, unanunua kitu tofauti kabisa. Krenki ya mtumba iliyotoka kwa ndai ya ukweli, imepimwa na ikapita, nitaichukua kabla ya mpya ya jina lisilojulikana. Lakini hosi ya breki ya mtumba? Ata ya bure sitaki. Na ile "mpya" iliyolala kwa boksi miaka hamsini nayo ni ngori tu. Ishike, ikunje polepole na uiangalie kwa jua, hapo kwa mkunjo. Utaona nyufa ndogo ndogo zikifunguka kama tope ya mto uliokauka. Ikiwa imenyooka, huzioni. Seli ya breki, bushi, raba ya kushikilia injini, zote angalia hivyo. Hizo nunua za juzi, hata kama hazina nembo ya Nissan.

Twende injini, juu hapo ndio kuna utamu. Ukienda Kirinyaga Road, pale wasee bado wanaita Grogan, usiulize spea ya 240Z.

"Niaje buda, ukona ringi za 240?"

"240 gani? Hiyo si Volvo?"

Na hajakosea, Volvo 240 iko. Ni wewe umebonga vibaya. Duka za Nai hazijapanga vitu kwa jina la ndai, zimepanga kwa jina la injini. Injini ya 240Z ni L24, silinda sita, cc 2393. Sasa cheki hii: bore yake ni milimita 83 na stroke ni 73.7. L16, ile ya silinda nne kwa Datsun 1600 za kitambo, iko na 83 na 73.7. Ni zile zile. Wasee wa Nissan walichukua mpango mmoja wakaongeza silinda mbili. Na Datsun 1600 ndio ilishinda Safari ya 1970, dere akiwa Herrmann huyo huyo, so hii nchi ilijaa L16. Rudi kwa kaunta useme, "Boss, naomba ringi za L16, standadi," uone vile atapanda ngazi. Ringi zinauzwa seti ya nne, so utachukua mbili na ubaki na za akiba. Lakini kabla ulipe toa vernia, pima unene wa kila ringi, linganisha na mfereji wa pistoni yako. Bore kufanana haimaanishi kila kitu kimefanana, na muuzaji hana haja ya kukukumbusha.

Familia haijaishia hapo. L28 ni kakake mkubwa, na iliwekwa kwa Nissan Patrol za zamani. Pampu ya oil ya L28 inaingia kwa L24 bila maneno mingi. Patrol iliyokufa ocha, imekaliwa na kuku, inaweza kuwa na kitu yako ndani. Maze, ukiona bonet ya Patrol mzee, simama, salimia mwenyewe, omba kucheki.

Kitu ya pili ya kujua ni namba. Spea ya Nissan iko na tarakimu na herufi kumi, zimegawanywa tano tano. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani: filta ya oil, kwa mfano, inaanza na 15208. Tano za mwisho zinasema ni ya ndai gani na toleo gani. Kwa 240Z utaona E41 ikitokea mara mingi. Msee anayekuuzia kitu na hana namba anakuuzia umbo tu. Umbo linafanana na vitu mingi kwa hii dunia.

Kisha kuna hii mambo ya upande. Z nyingi ziliuzwa Marekani, usukani kushoto, chasi inaanza na HLS30. Ya kwetu ni HS30, usukani kulia. Na juu soko kubwa ni Marekani, spea nyingi za kuigwa zinatengenezwa kulenga huko. Tairi na bawaba za mlango hazijali. Lakini dashibodi na reki ya usukani zitafika zikuangalie na wewe uziangalie. Vitu za upande wa dere nunua Uingereza, Australia ama Japan kwenyewe. Na kabureta pia chunga: zile Hitachi za kichwa cha mviringo ndio unataka. Za kichwa bapa zilikuja na Z za Marekani za 1973 juu ya sheria za moshi, na wenyewe huko walizing'oa wakarudisha za mviringo. Msee akikuuzia hizo za bapa bei poa, ujue ni kwa nini.

Plagi nazo. L24 inatumia BP6ES za NGK, kitu rahisi, na juu ni rahisi feki zimejaa. Toa moja kwa boksi uiweke kwa kiganja. Maandishi kwa ile sehemu nyeupe yawe yamekaa safi, hayatoki ukisugua na kidole gumba. Ile washa iko kwa nyuzi ijaribu kuitoa: ya ukweli inazunguka lakini haitoki hivi hivi, ya feki inakuangukia kwa mkono. Cheki pia ncha, kama hizo vyuma mbili zimelala sawa ama moja imepinda. Muuzaji akianza kukuharakisha wakati unafanya hiyo kazi, umeshajibiwa.

Hii ingine ndio huwa inanifurahisha kabisa. Kalipa za mbele za 240Z ziko na pistoni mbili, na kuzipata zikiwa nzima ni noma. Sasa kalipa za Hilux za four-wheel, zile za mwanzo wa miaka ya 80, ziko na pistoni nne na zinakaa kwa bolti mbili zile zile za Z. Zile za disc nyembamba, sio zile za disc yenye matundu ya hewa. Utakata kidogo ile bati ya kuzuia vumbi, utakunja upya paipu ya chuma inayoingia kwa kalipa, na pedali itashuka kidogo zaidi mpaka uweke masta kubwa. Lakini umepata breki, na seli zake zinauzwa kila mahali Hilux imewahi beba nyanya. Wanaotaka ndai ya kushinda maonyesho watanitukana, na wako sawa, kwa jaji hiyo ni dhambi. Mimi naongea na msee anataka kushuka Escarpment na asimame akifika chini.

Kuna vitu hautanunua popote, utatengenezewa. Kariobangi Light Industries kuna mafundi wanayeyusha alumini na wengine wako na mashini ya leithi. Bushi, breketi, ekzosi, sakafu iliyoliwa na kutu, hizo peleka. Lakini uende na heshima na uende na sampo.

"Mzae, shikamoo. Unaeza nikerezea hii bushi?"

"Marahaba. Picha ya simu siwezi pima, kijana. Lete chuma."

Kwa hivyo hata spea iliyovunjika usitupe, hiyo ndio ramani ya fundi. Kitu moja tu usipeleke kuchomelewa mahali popote: ncha za usukani na chochote kinachoshikilia gurudumu. Hapo lipa, agiza, ngoja.

Na ukiagiza nje, piga hesabu yote. Bei ya Japan sio bei yako. Kuna usafiri, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16 juu yake, na vitu vizito kama disc za breki vinaweza kulipisha usafiri mpaka ukae chini. Ndio maana wasee wa ndai za kitambo wanaungana, kila mtu anaongeza kitu yake kwa mzigo mmoja. Kabla utume doo, mwambie muuzaji akupigie picha ya namba iliyo kwa chuma yenyewe, sio ile iko kwa boksi. Boksi inachapishwa mahali popote. Akidinda, hepa.