Viwavi wamekwisha, lakini nani kawamaliza?

Wiki hii kundi letu la WhatsApp hapa Mikumi limewaka moto, na chanzo ni sabuni ya unga.

Mmoja wenu aliandika kwamba alipuliza maji ya sabuni kwenye mahindi, na baada ya siku tano viwavijeshi wote hawapo, kwa hiyo dawa za dukani ni wizi mtupu. Mwenzake alipohoji akajibiwa, "Wewe una ekari ngapi hadi ubishe?" Hilo la ekari nalipita haraka. Mwenye robo ekari anaweza kusema kweli, na mwenye ekari mia akakosea.

Hizo siku tano ndo tuzitazame. Kiwavijeshi vamizi, huyu aliyeingia Tanzania mwaka 2017, hula mahindi kwa wiki mbili hadi tatu tu. Akishakomaa anashuka mwenyewe, anajifukia udongoni sentimita chache na kugeuka pupa. Kukiwa na joto, baada ya siku nane au tisa anatoka nondo, tayari kutaga mayai mengine. Sasa ukipuliza wakati viwavi wameshakuwa wakubwa, hata kama ni maji matupu, siku tano baadaye wengi hutawaona. Hawajafa. Wako chini ya miguu yako.

Sisemi sabuni haiui. Nasema ushahidi huo hautoshi. Na mimi yalishanikuta: msimu mmoja nilimsifia mkulima kwa dawa aliyopuliza, nikasahau kwamba usiku ule ilipiga mvua kubwa, na mvua nayo huua viwavi wadogo. Kwa kuniamini, msimu uliofuata akaitumia dawa ileile kwenye ekari tatu za kukodi. Mvua kama ile haikuja. Magunia aliyovuna hayakutosha hata kulipa kodi ya shamba, na kila nikipita kwake naona aibu.

Kwa hiyo kabla hamjabishana tena, kagua mimea 20 katika sehemu tano za shamba, uhesabu yenye viwavi hai kwenye moyo wa mmea. Puliza asubuhi mapema au jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, lakini mistari michache iache bila kuigusa. Baada ya siku tatu hesabu tena, kote kuwili. Wakiwa wamepungua sawasawa, basi sabuni haihusiki. Wakipungua palipopulizwa tu, tuletee hizo hesabu kundini, nami kesho yake niko dukani nanunua sabuni.